Mnusa Magari wa Kasulu

Gari likifika kwake, hakulinusa likiwa limetoka barabarani. Alitaka lizimwe, vioo vipandishwe, liachwe juani saa nzima, na dereva aende zake akanywe chai. Saa ikitimia alinawa uso kwa maji matupu, akafungua mlango wa abiria kiasi cha kupitisha kichwa, akaingiza kichwa chake chenye kofia ya sufu na kufumba macho. Sisi madereva tulisimama nyuma yake kimya kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Akitoa kichwa, majibu alikuwa nayo. "Hili mpira wa maji umeziba." Au, "Hili kuna panya alifia kwenye feni." Au, kwa sauti ya chini, akikutazama wewe peke yako, "Hili lilibeba dagaa."

Nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo Kasulu nzima ilivyomwita. Wengine walikuwa fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi redio; yeye alikuwa Fundi tu, na hakuna aliyeuliza yupi. Naandika habari zake kwa sababu nilimharibia jina. Kosa lilikuwa langu, likabandikwa kwake, nami nikanyamaza miaka sita. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanipenda bure.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kuondoa uvundo kwenye AC za magari. Mtu wa mbali anaweza kucheka, maana milima hii ni ya baridi, na asubuhi ya Kibondo inataka sweta. Lakini sisi AC hatukuiwasha kwa ajili ya joto. Tuliiwasha kwa ajili ya vumbi. Kabla lami haijakamilika, ukipishana na lori kati ya Kasulu na Kibondo ulikuwa huoni hata pua ya gari lako, kwa hiyo ulifunga kila kioo na kuzungusha hewa ileile ya ndani. Mvua zikija ulifunga tena. Gari liliishi limefungwa mwaka mzima. Ndani ya dashibodi, kwenye evaporeta, kile kidude cha mapezi membamba ambacho ndicho kinachopoza hewa, vumbi na unyevu vilikuwa tope, na tope likaota kuvu. Asubuhi ukibonyeza AC unapuliziwa usoni harufu ya soksi zilizolala kwenye buti.

Mafundi wengine walikuuzia manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Fundi aliyachukia kama dhambi. Mfanyabiashara mmoja wa nguo pale mjini, mtu mwenye asili ya Tanga, alimletea gari ambalo alikuwa amelifukiza udi wiki nzima. Fundi aliingiza kichwa, akakitoa haraka, akapiga chafya mara nne.

"Mzee, umempaka marashi mtu ambaye hajaoga," alimwambia.

"Fundi, sisi kwetu gari twalifukiza, na halinuki kitu."

"Kwenu huko kuna bahari inafagia hewa. Hapa umefuga kuvu, sasa umelizoesha na udi."

Yule mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, akaliacha gari. Fundi alilikomboa kwa siku mbili. Alikuwa anaanza kwa kufungua kile kisanduku kilicho mbele ya magoti ya abiria, anatoa filta na kuipigapiga ukutani, na vumbi lililotoka humo lilitosha kupandia maharage. Halafu analala chali chini ya gari, anatafuta ule mpira mdogo wa kutolea maji ya AC, anauzibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Maji meusi yalimwagika kifuani mwake naye hakujali. Alikuwa na msemo wake, kwamba gari lisilokojoa ni gonjwa, na hata barabarani, akipita kwa miguu, aliinama kuchungulia chini ya magari yaliyoegeshwa kama kuna tone. Watu walidhani anatafuta kitu alichoangusha.

Mwisho ndipo ilipokuja dawa yake: maji ya moto, sabuni ya mche aliyoikwangua kwa kisu, na siki. Hivyo tu. Alivipuliza taratibu kwenye evaporeta kwa bomba la kunyunyizia dawa ya mikahawa, akiongea na kile kidude kwa Kiha kwa sauti ya kubembeleza, yeye ambaye kwa watu alikuwa na maneno ya kuhesabu. Kisha gari lililala milango wazi mpaka kesho yake. Kwa ajili hiyo alijenga kibanda cha maturubai kisichopitisha vumbi, na dereva aliyesema ana haraka alirudishiwa ufunguo palepale.

"Haraka peleka kwa waosha magari," alisema.

Usidhani alikuwa mtu safi sana. Alivuta tumbaku ya kusokota, ile kali inayotoa machozi, halafu akadai pua yake haidanganyiki. Nyumbani kwake kulinuka mawese na samaki wakavu tangu mlangoni. Mke wake alikuwa akitwambia, "Huyu mume wangu akirudi hunusa sufuria kabla hajanisalimu mimi," naye hakukanusha. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango na kutoka wakati wa sadaka, eti mafuta ya nywele ya wanakwaya yanamziba. Na gari hakuwa nalo wala hakulitaka. Alisema ndani ya gari mtu analazimishwa kuvuta pumzi za wenzake.

Jambo nililompendea zaidi lilikuwa mdomo wake. Fundi alijua siri za madereva wote wa wilaya mbili. Alijua nani alipakia mkaa kwenye gari la shirika, nani alilala na mwanamke kwenye kiti cha nyuma, nani alimsafirisha mbuzi wa harusi akadai alikwenda kikazi Manyovu. Mabosi walimjua pia, na walimjaribu. Niliwahi kumwona bosi mmoja anamwekea soda baridi mkononi na kumuuliza, kwa upole wa kuvizia, gari lake lilikuwa linanuka nini. Fundi aliinywa soda yote, akamrudishia chupa.

"Lilikuwa linanuka ubovu," alisema. "Sasa halinuki."

Kwetu alieleza kwa maneno machache. "Ninachonusa nakiacha ndani ya gari." Nimelikumbuka neno hilo kila siku, miaka sita.

Kilichomtoa kwenye upole wake kilikuwa klorini. Asiyeishi jirani na kambi za wakimbizi hawezi kuelewa klorini ilivyokuwa kwetu. Nyarugusu na kambi za upande wa Kibondo, kila mlango wa kliniki ulikuwa na ndoo yake, kila choo, kila jiko. Ulikanyaga sponji yenye klorini kabla hujaingia, ulinawa klorini kabla hujala. Kipindupindu kilitufundisha kwamba penye harufu hiyo watu hawafi. Tukaibeba mpaka majumbani. Mama aliyejifungua alimwagiwa klorini sakafuni, jirani akija kumwona mtoto akavuta pumzi na kusema, hapa ni pasafi. Madereva tukaanza kuipuliza kwenye magari, tena ndani ya tundu za hewa chini ya waipa, ambamo AC huvuta upepo wake.

Fundi aligundua, akatuita madereva sita tuliokuwepo siku hiyo. "Oya! Oya!" alikuwa akirudia, hapana yao Waha. "Siki na klorini havikai chumba kimoja. Mimi nimeweka siki, wewe ukiweka klorini juu yake, inatoka hewa ya kuua. Inafunga kifua. Mmesikia?"

Tulisema tumesikia. Mkongomani mmoja aliyefanya kazi ya mgawo wa chakula kambini, aliyekuwa amekuja na sisi, alitikisa kichwa kwa huruma. "Papa iko na wivu," alininong'oneza. "Klorini ni bure, ye anauzisha siki." Nilicheka. Kusema kweli nami niliamini hivyo, kwamba mzee analinda biashara yake.

Siku moja nilimpelekea gari la shirika lililoniajiri, akaliosha, akaliacha wazi. Kesho yake asubuhi alinikabidhi. Siki ilikuwa bado inasikika kidogo, na mapezi bado mabichi, maana usiku ule ulikuwa wa mvua. Aliniambia nisiwashe AC mpaka jioni, niende na vioo wazi. Mimi nilikuwa nategemea wageni wa ofisi keshokutwa, na harufu ya siki kwangu ilikuwa harufu ya kachumbari. Nilipita stoo, nikachota klorini vijiko viwili vya chakula, nikaikoroga kwenye chupa ya kunyunyizia na kuimimina yote kwenye tundu za chini ya waipa. Nikaenda Kibondo. Njiani macho yalinichoma, nikakohoa, nikasema ndiyo kusafisha huko.

Narudi, saa nane mchana, muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja katikati ya njia alisimama barabarani ameinua mikono. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne mwenye pumu, amebanwa, na gari la wagonjwa liko mbali. Niliombwa nimfikishe hospitali ya Kabanga, Kasulu. Mama yake akaingia nyuma naye, amempakata. Nakumbuka alivuta hewa, akasema, "Asante Mungu, gari linanukia hospitali." Vioo vilikuwa wazi. Lori la kwanza lilipotupita, vumbi likaingia, mtoto akakohoa vibaya, na mama akaniomba nifunge. Nilifunga. Nikawasha AC, hewa ya ndani, feni mpaka mwisho.

Sitaeleza dakika zile. Mama alipopiga kelele "Mawe we!" nilisimamisha gari, nikafungua milango yote, nikambeba mtoto mimi mwenyewe nikimpepea kwa kitambulisho changu cha kazi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mkononi. Alifia kifuani kwangu palepale barabarani, kabla hatujafika Kasulu. Daktari aliyempokea alisema alikuwa amebanwa vibaya sana, na kwamba huenda asingefika kwa vyovyote. Neno hilo "huenda" nimelitafuna kama mtu anayetafuna mfupa usio na nyama. Lakini kila aliyefungua mlango wa gari lile alirudi nyuma akikohoa, na swali likaulizwa hapohapo, hii dawa ni ya nani.

Gari lilikuwa limetoka kwa Fundi asubuhi hiyo. Hawakuhitaji kuuliza zaidi.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu. Alikuwepo msimamizi wa magari, ndugu wawili wa marehemu, mimi, na Fundi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameshika kofia yake. Kabla ya kikao aliomba aonyeshwe gari. Aliingiza kichwa kama kawaida yake, akafumba macho, na alipokitoa alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao mtu yeyote mwingine pale angeweza kuuelewa, kama angekuwa anatuangalia.

Walimuuliza aliweka nini. Alisema siki, sabuni na maji ya moto. Msimamizi akasema, "Mzee, gari zima linanuka klorini, hata mimi nisiye fundi nasikia." Fundi akasema, "Ego, ndiyo, ipo. Mimi sikuiweka." Wakamuuliza nani basi. Akaitazama kofia mikononi mwake. Msimamizi akanigeukia mimi.

"Dereva, wewe uliona anaweka nini?"

Nilikuwa na mke na watoto watatu na mkataba uliobakiza miezi minne. Nasema hivyo kama maelezo, najua si utetezi. Nilijibu, "Sikuona. Nilikuwa nimeenda kunywa chai."

Fundi aliendelea kushika kofia. Angeweza kusema. Pua yake ilikuwa imemwambia kila kitu, na neno lake lingekuwa dhidi ya langu, lakini alikuwa mtu wa kuacha anachonusa ndani ya gari, na siku ile, iliyomgharimu kila alichokuwa nacho, aliushikilia utaratibu wake. Nilimchukia kwa hilo kwa muda mrefu. Kama angenitaja, ningekana kwa nguvu, na leo ningekuwa na mtu wa kugombana naye.

Hakufungwa. Hapakuwa na kipimo, hapakuwa na ushahidi, na ndugu hawakutaka kesi. Alichofanyiwa ni kile ambacho mji mdogo unaweza kufanya. Magari hayakuja tena. Watoto wa jirani walipopita kwenye kibanda chake waliziba pua kwa mzaha. Nilisikia kwamba alikwenda kumpa pole mama wa mtoto, kwa miguu kutoka barabarani hadi kijijini, na mama akamtoa uani kwa mchi wa kinu. Mwaka ule ule aliuza maturubai yake, yeye na mkewe wakahamia kwenye shamba la kahawa upande wa Manyovu.

Mimi nilipandishwa cheo. Mama yule alikuja ofisini kunishukuru, kwa sababu nilimbeba mwanawe mikononi na nililia naye barabarani. Kila mavuno alinitumia maharage, debe moja, kwa basi, na ujumbe kwamba ni ya yule baba aliyembeba mwanawe. Niliyala. Mke wangu aliyapika na watoto wangu walishiba. Nilipojaribu kuyagawa kwa majirani mke wangu aliniuliza kwa nini, nikayarudisha jikoni, tukaendelea kuyala.

Mavuno ya sita yalipofika nilishindwa kuufungua mfuko. Niliomba ruhusa kazini, nikaendesha gari langu mwenyewe hadi kwenye milima ile ya Manyovu, nikamuulizia Fundi kwa wabadilisha fedha wa mpakani, wakanielekeza. Mke wake ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa anaanua kahawa.

"Leo umeikumbuka njia," alisema, akaingia ndani bila kunikaribisha.

Fundi alikuwa amekonda. Alikuwa anachambua punje mbaya kwenye ungo, na alizitambua kwa kuzinusa, akileta kiganja puani na kukishusha. Nilimwamkia, akaitika. Nilibaki nimesimama kwa kuwa hapakuwa na kiti, na nikayasema yote nikiwa wima: stoo, vijiko viwili, chupa, vioo, chai ambayo sikwenda kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha wake, na nadhani huo ndio niliokuwa nimeufuata umbali wote ule.

Alinisikiliza huku anachambua. Nilipomaliza alisema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya yote nayajua. Ulikuwepo niliponusa." Alitupa punje moja mbaya chini. "Umetoka Kasulu kuniletea habari ninayoijua. Kampe asiyeijua."

"Nitaanzia wapi kwake?"

"Mimi nilianzia uani, nikapigwa kwa mchi. Wewe utafute pako."

Nilisema nisamehe. Alinitazama kwa mara ya pili katika maisha yetu kama alivyonitazama siku ya kikao, na safari hii alifungua kinywa. "Mimi kazi yangu nilikuwa naipenda," alisema. Akarudi kwenye ungo wake. Nikaondoka.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akataka kunichinjia kuku, nikamwomba akae. Nilisema maneno machache kuliko niliyomwambia Fundi, kwa sababu kwake hayakunitoka. Nilisema klorini niliiweka mimi, na mzee yule aliwahi kunikataza. Alikuwa ameshika mkono wangu. Aliuachia polepole, akaupangusa mkono wake kwenye kitenge, kama mtu aliyeshika kitu kibichi. Hakulia. Kisha aliuliza jambo moja.

"Yule mzee yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Nami nilimpiga." Aliingia ndani, akatoka na kitenge kingine na viatu. "Nipeleke."

Alikaa nyuma. Nilipotaka kusimama Kasulu anywe maji alitikisa kichwa. Tulifika kwa Fundi jua likiwa bado juu. Alikuwa palepale na ungo wake, akainua macho akasikiliza mlango wa gari unafunguliwa. Mama alitembea mpaka mbele yake, akapiga magoti kwenye kahawa iliyoanikwa, akamwamkia kwa Kiha. Fundi aliweka ungo chini, akavua kofia yake, akainama kumwinua. Mke wake alitoka ndani na viti viwili.

Mimi nilibaki kwenye gari. Hakuna aliyeniita.